Pembe, Mkataba na Mahakama: Biashara baina ya Kongo na Unguja, 1887–1891

Siku tatu tu zinatenganisha hati mbili za mwaka 1887. Tarehe 24 Februari, mjini Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipatana na Henry Morton Stanley mbele ya konsuli wa Uingereza. Tarehe 27 Februari, ikatolewa amri juu ya makampuni ya biashara katika Dola Huru ya Kongo. Mapatano ya kwanza yalivunjika kabla ya miaka miwili kupita. Amri ya pili, pamoja na marekebisho yake, iliendelea kutawala makampuni nchini hadi mwaka 2012.

Ili kufahamu yaliyompata Tippu Tip, yafaa kwanza kumtazama kama mwenye shirika la biashara lililokua kupita kiasi cha sheria iliyolilinda. Mali yake ilianzia kwa mikopo ya Wahindi wa Unguja, hasa Tharia Topan. Njia zake zilipita Tabora na Ujiji, zikavuka ziwa hadi Nyangwe na Kasongo, zikaishia Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Kwenye mwendo huo wote sheria ilimfuata mtu kuliko mahali. Mwislamu alikwenda kwa kadhi, na Mzungu alikuwa chini ya konsuli wake, kwa mujibu wa mapatano ambayo Seyyid Said aliyafanya na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Hata Mhindi, kwa kuwa alihesabiwa raia wa Uingereza, alihukumiwa na konsuli wa Uingereza. Basi swali la kwanza la kesi mjini Unguja lilikuwa: huyu ni mtu wa nani?

Mkataba wa Februari ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza, Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Dola Huru huko Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, huku akiachiwa uhuru wa biashara yake mwenyewe. Pili, aliahidi kumpatia Stanley wapagazi 600 kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha, kwa malipo ya pauni 6 kwa kila mpagazi mwenye mzigo. Siku iliyofuata walipanda meli pamoja, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Banana, mlangoni mwa mto Kongo.

Wapagazi hawakufika kwa wakati. Wale waliofika Yambuya mwezi Juni 1888, baada ya mwaka mzima wa kungojewa, walizidi 400 lakini hawakutimia 600. Tippu Tip alidai kwamba Stanley ndiye aliyevunja ahadi kwanza, kwa kutowapa watu baruti waliyoahidiwa. Ubishi wa namna hii, juu ya nani aliyetangulia kukosa, unafahamika vema kwa kila mwanasheria wa mikataba. Jambo la pekee ni mahali ulipokwenda kuamuliwa.

Stanley alipofika pwani mwezi Desemba 1889, hakumtafuta mdaiwa wake msituni. Alitafuta fedha zake. Dola Huru ilikuwa imelipa bei ya pembe za Tippu Tip, na zaidi ya pauni 10,000 zilikuwa mikononi mwa wakala wake wa Unguja, Jaffer, mtoto wa Tharia Topan. Jaffer alikuwa raia wa Uingereza. Kwa hiyo mahakama ya konsuli iliweza kuzizuia fedha hizo, ingawa mwenyewe hakuwa Mwingereza, na kosa lililodaiwa lilitokea katikati ya Kongo. Mwarabu aliyekuwa mtumishi wa dola moja alishikwa na sheria ya dola nyingine kwa mkono wa mtunza fedha wake. Tippu Tip alipoitwa kujibu mashtaka aliiacha Stanley Falls, akafika Unguja mwezi Julai 1891. Kesi haikufikia hukumu. Hata hivyo yeye hakurudi tena Kongo. Vita baina ya Dola na Waarabu vilianza mwaka 1892, na Sefu, mwanawe, aliuawa mwaka 1893.

Wakati huohuo mipaka yenyewe ilikuwa imehama. Tangu mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na Tabora na Ujiji zilikuwa za Wadachi. Rumaliza, mshirika wake wa zamani, alimshtaki mbele ya mahakama ya Wadachi kwa ajili ya mali ya ubia wao, na Tippu Tip akapoteza nyumba na mashamba ya bara. Shirika lililokuwa moja likawa limegawanyika baina ya sheria tatu.

Utetezi ambao mahakama ya konsuli haikuusikia umo katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kikatolewa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Ni utetezi wa mfanyabiashara hodari, anayekumbuka hesabu zake na ahadi za wenzake. Watumwa na wapagazi waliobeba hizo pembe hawamo katika mashtaka wala katika majibu. Neno *mkataba* latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. *Kontra* ya Lubumbashi ilitoka katika Kifaransa, ikaja na ajira ya migodini. Yule mpagazi wa pauni 6 hakuandikiwa chochote.

Tarehe 12 Septemba 2012 sheria za OHADA zilianza kutumika Kongo, zikachukua nafasi ya amri ya 1887. Mahakama yao ya juu ipo Abidjan. Tanzania haimo katika OHADA. Mwaka 2022 Kongo iliingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Tanzania imo. Hivyo mwenye duka wa Bukavu anayeagiza bidhaa kwa njia ya Dar es Salaam yuko baina ya taratibu mbili za sheria, naye hujadiliana na wakala wake kwa Kiswahili. Lugha za OHADA ni Kifaransa, Kiingereza, Kihispania na Kireno.