Mbiu Isiyo na Mpigaji: Historia ya Ujumbe-Ibukizi katika Mitandao ya Ofisi na Funzo Lake kwa Nakawa

1. Utangulizi

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kauli hiyo ina sharti lisilotamkwa: wasikilizaji wanamjua aliyepewa mamlaka ya kuipiga. Buganda nayo ilikuwa na mdundo wa ngoma uitwao gwanga mujje, ulioita watu wakusanyike wakati wa hatari. Makala haya yanafuatilia historia ya mbiu ya ofisi za kisasa, yaani ujumbe wa tahadhari unaoibuka kwa mara moja kwenye kompyuta zote za mtandao mmoja. Hoja kuu ni kwamba chombo hicho kilikufa kwa sababu hakikuweza kumthibitisha mpigaji. Nakawa, jijini Kampala, ni mahali panapostahili kuikumbuka historia hii. Hapo yapo makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyoundwa mwaka 1997, na taasisi ya taifa ya mafunzo ya TEHAMA.

2. Chimbuko na manufaa

Katika miaka ya 1970 mfumo wa Unix ulikuwa na amri ya wall, iliyofikisha maneno ya msimamizi kwa kila aliyeingia kwenye kompyuta. Mtumiaji aliweza kuzuia ujumbe wa wenzake, lakini si wa msimamizi. Hivyo daraja la mtumaji lilitambuliwa na mfumo wenyewe. Windows NT, iliyotolewa mwaka 1993, ilileta huduma ya Messenger na amri ya net send. Aliyeketi kwenye kituo chochote aliandika amri hiyo, jina la mpokeaji au alama ya nyota, kisha maneno yake. Dirisha dogo liliibuka mbele ya wapokeaji na kubaki hapo hadi lifungwe.

Seva nazo zilitumia njia hiyo. Umeme ulipokatika, seva iliyounganishwa na UPS iliweza kuwatahadharisha watumiaji wahifadhi kazi zao kabla haijajizima. Uwezo huo ulikuwa na uzito wa pekee katika mji kama Kampala. Mwaka 2005 na 2006, kina cha Ziwa Viktoria kiliposhuka, uzalishaji wa umeme huko Jinja ulipungua na wateja wakapewa umeme kwa zamu. Katika hali hiyo, tahadhari ya dakika chache ni tofauti kati ya hesabu zilizohifadhiwa na hesabu zinazoanzwa upya.

3. Anguko

Huduma ya Messenger haikumthibitisha mtumaji. Jina lililoonekana kwenye dirisha lilikuwa lile alilolitaja mtumaji mwenyewe. Ndani ya ofisi ambamo watu wanafahamiana, udhaifu huo ulivumilika. Kompyuta hizo zilipounganishwa na intaneti bila ngome, mgeni wa mbali alipata uwezo uleule. Mwishoni mwa mwaka 2002 matangazo ya biashara yalianza kuibuka kwa njia hiyo. Novemba 2003 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliishtaki kampuni iliyotuma madirisha ya kutangaza programu ya kuzuia madirisha hayohayo. Mwezi mmoja kabla, Microsoft ilikuwa imetangaza kasoro iliyoweza kumruhusu mvamizi kuitawala kompyuta kupitia huduma hiyo. Agosti 2004 maboresho ya pili ya Windows XP yaliizima, na Windows Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007, haikuwa nayo kabisa.

Ulinganisho wa tarehe unafikirisha: mbiu ilinyamazishwa katika kipindi kilekile ambacho ofisi za Kampala ziliihitaji zaidi. Waliotumia vibaya njia hiyo walikuwa mbali. Hasara iliwafikia hata wasiowahi kuitumia vibaya.

4. Sheria na mipaka yake

Mwaka 2011 Uganda ilipata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, pamoja na sheria za saini za kielektroniki na miamala ya kielektroniki. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliongeza kosa la kutuma taarifa zisizoombwa. Hata hivyo, sheria humwadhibu mtumaji akishajulikana, haimfanyi ajulikane. Tena tahadhari, kwa asili yake, ni taarifa isiyoombwa: hakuna anayeomba kuambiwa kwamba jengo linaungua. Kwa hiyo kigezo cha uhalali hakiwezi kuwa ridhaa ya mpokeaji peke yake, bali mamlaka ya mtumaji.

5. Hitimisho

Taasisi zinazonunua mifumo mipya ya tahadhari huuliza kwanza kuhusu kasi na idadi ya kompyuta zitakazofikiwa. Historia inaonyesha kwamba maswali hayo yalijibiwa tangu mwaka 1993. Yaliyoachwa wazi ni haya: nani anaruhusiwa kupiga mbiu, kwa jambo gani, na mfumo unathibitishaje kwamba ni yeye. Majibu yake yaandikwe katika kanuni za taasisi na kujengwa ndani ya mfumo kabla ya ujumbe wa kwanza kutumwa. Mfanyakazi aliyezoea madirisha ya uongo huyafunga yote bila kusoma, likiwemo la kweli.