Ukuta wa Bibi na Majaji wa Televisheni

Mwaka juzi basi letu la kutoka Mwanza kwenda Ngara lilituharibikia njiani, abiria tukalala Biharamulo. Nilipata chumba kwenye gesti ndogo karibu na stendi. Pale mapokezi palikuwa na televisheni, na kwenye televisheni palikuwa na kile kipindi cha Waingereza cha wapambaji wa vyumba wanaoshindana. Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama mbele ya majaji, machozi yanamtoka.

"Dada, huyu analia nini?" binti wa mapokezi akaniuliza.

"Anatolewa. Majaji hawakuupenda ukuta wake."

Akaguna. "Ukuta tu? Mbona bibi yangu kule Nyakahura alikuwa anasiriba nyumba nzima peke yake, na hakuna aliyempa hata soda."

Tulicheka. Nikaenda chumbani kulala, usingizi ukagoma. Nilikuwa naelekea Ngara kwenye kikao cha ukoo, kuamua la kufanya na kiwanja cha bibi mzaa mama. Na mimi nina deni na kile kiwanja. Nitalieleza, ila kwanza nivumilieni kidogo na historia, maana bila hiyo deni lenyewe litaonekana dogo.

Nianze na vipindi vyenyewe. Mwaka 1996 BBC walianzisha Changing Rooms. Majirani wawili walibadilishana funguo, kila mmoja akaenda kupamba chumba cha mwenzake akisaidiwa na mpambaji. Walipewa siku mbili na pauni 500. Mwisho mwenye nyumba aliletwa amefumba macho, akaambiwa fumbua. Wengine walirukaruka kwa furaha, wengine walilia kwa hasira. Mwaka 2000 Wamarekani wakachukua wazo hilo wakaliita Trading Spaces, dola 1,000, siku mbili zilezile. Huko ndiko mpambaji mmoja, Hildi Santo-Tomas, alikobandika nyasi kavu kwenye kuta za sebule ya watu. Nyasi! Niliposoma habari hiyo nilifikiria wazee wetu walivyoandamwa miaka na miaka waachane na nyumba za nyasi, kumbe mbele ya kamera nyasi ni ubunifu. Kipindi nilichokikuta Biharamulo, Interior Design Masters, kilianza 2019. Jaji wake mkuu ni Michelle Ogundehin, mwandishi wa mambo ya upambaji ambaye baba yake ni Mnigeria.

Vipindi hivi vyote vina mifupa ileile: muda mfupi, fedha ya kuhesabu, jaji, na mlango unaofunguliwa mwishoni. Anayeshinda hutajwa jina.

Sisi Tanzania Bara televisheni ilitufikia kwa kuchelewa. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini mwanzoni, lakini Bara stesheni za kwanza za watu binafsi zilikuja 1994, na ile ya serikali, TVT, mwaka 2000. Kwa hiyo Changing Rooms ilipoanza, huku kwetu Ngara na Biharamulo chombo kilikuwa ni redio. Na redio nayo, msomaji, iliwahi kutuletea mashindano ya nyumba, ingawa hayakuitwa hivyo.

Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Mama anakumbuka kikundi chao kilikutana chini ya mti karibu na shule, mwalimu akiwa ndiye msomaji. Baada ya hapo walikuwa wanapita kukagua kaya. Anasema watu walikuwa wanaamka alfajiri kufagia uwanja siku ambayo bwana afya anapita, na waliosifiwa walitembea kifua mbele wiki nzima.

Nimemuuliza mama, alikuwa anakagua nini hasa? Akahesabu kwa vidole: choo, shimo la taka, kichanja cha vyombo, maji ya kunywa yamechemshwa au la.

"Na ukuta wa bibi je?"

"Ukuta ulikuwa wa nini? Aliupita tu."

Sitaki kuikejeli kampeni ile. Kuhara kulikuwa kunaua watoto, na choo ni choo. Ninachosema ni kwamba kila jaji huja na orodha yake, na kisichokuwemo kwenye orodha hakionekani hata kikiwa mbele ya macho. Ukuta wa bibi haukuwa na alama.

Sasa ukuta wenyewe. Bibi hakuzaliwa Ngara. Alizaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Gisaka, pembe ya kusini mashariki ya Rwanda, akaolewa huku kwetu kwa Wahangaza. Alikuwa akisema yeye ni Mtanganyika kabla hajavuka mto. Nilidhani ni utani wa kizee mpaka nilipokuja kusoma. Wajerumani waliposhindwa vita, mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji waligawana koloni lao. Waingereza walitaka ardhi ya magharibi ya Kagera, wapate njia ya kupitisha ile reli yao ya ndotoni kutoka Cape hadi Cairo. Kwa hiyo mwaka 1922 Gisaka ilikatwa kutoka Rwanda ikaunganishwa na Tanganyika. Mfalme Musinga akalalamika, wamisionari wakalalamika pamoja naye, suala likafika hadi kwenye Shirikisho la Mataifa, na mwanzoni mwa 1924 Gisaka ikarudishwa. Reli haikujengwa. Bibi, kwa hesabu za ukoo, alizaliwa 1923. Alikuwa sahihi.

Gisaka ndiyo nyumbani kwa imigongo. Ukijua Kiswahili umeshalielewa neno: migongo. Ni michoro ya ukutani inayoinuka kama matuta, na kazi yote inaanza na kinyesi cha ng'ombe. Kinachanganywa na majivu ili harufu iishe na wadudu wasiingie. Mchoraji anachora kwanza mistari: pembetatu, msumari kwa msumari, mizunguko ya konokono, miraba iliyolala ubavu. Halafu anajenga matuta kwa vidole juu ya mistari ile, anaacha yakauke, anayalainisha, ndipo anapaka rangi. Nyeupe ni udongo mweupe. Nyekundu ni udongo mwekundu. Nyeusi ndiyo yenye kazi: utomvu wa mshubiri, majivu ya maganda ya ndizi, na matunda ya mti wa jamii ya ndulele, vyote vinachemshwa pamoja.

Masimulizi yanasema aliyebuni sanaa hii ni Kakira, mwana wa Kimenyi mfalme wa Gisaka, enzi ambazo Gisaka bado ilikuwa dola inayojitegemea. Inasemekana alipamba hivyo nyumba yake, watu wakaiga. Huenda ni kweli. Lakini angalieni mambo haya yanavyokwenda. Waliokuwa wakikanda kinyesi, wakichemsha utomvu na kuufanyia ukuta kazi mwaka hadi mwaka walikuwa wanawake, kizazi baada ya kizazi. Jina lililobaki ni la mwana wa mfalme mmoja.

Bibi alifanya kazi ile kila kiangazi, ndani ya nyumba, upande wa mkono wa kushoto unapoingia. Ukuta wa nje aliusiriba kama majirani zake. Huu wa ndani alikuwa anaubomoa matuta na kuyajenga upya. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni adhabu fulani. Nilimuuliza kwa nini asiuache tu, mbona bado mzuri. Alinijibu kwamba ukuta ukiuacha mwaka wa pili, wageni watasema mwenye nyumba ameugua.

Majaji walikuwepo, msidhani hawakuwepo. Wifi zake walikuja, wakaketi, wakanyamaza, wakauangalia. Wanawake wa kijijini waliokuja kuazima chumvi waliazima na macho. Ila hakuna aliyetolewa. Mwenye ukuta mbaya mwaka huu alikuwa na mwaka kesho. Nadhani hii ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta usiku ule pale gesti: kwenye televisheni chumba kinakamilika mlango ukifunguliwa, na kamera ikiondoka hakuna anayeuliza miaka mitano baadaye kimekuwaje. Chumba cha bibi hakikuwahi kukamilika.

Aliupoteza ukuta mara moja kabla yangu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Kwetu zamu ilifika 1974. Babu alibeba milango, akabeba nguzo, akabeba hata nyasi za paa zilizokuwa bado nzima. Ukuta haubebeki. Mama anasema bibi alibaki nyuma dakika chache wengine wameshatangulia, na alipowafikia mikono ilikuwa na vumbi jekundu. Hakusema alikuwa akifanya nini. Kwenye nyumba mpya, kiangazi kilichofuata, ukuta ulikuwepo tena, upande uleule wa kushoto.

Na mara moja aliuacha mwenyewe. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa kama 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wengi wenu mmeona picha za Benaco, kambi iliyopewa jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara: milima mizima imegeuka bluu kwa maturubai. Katika umati ule walikuwemo waliokimbia vita, na walikuwemo waliokuwa wametoka kuua. Wiki mbili kabla, Nyarubuye, upande huohuo wa Gisaka, maelfu ya Watutsi walikuwa wamechinjwa kwenye kanisa walilokimbilia. Bibi alikuwa na ndugu upande ule. Nilikuwa na miaka 16, nilimsindikiza mara mbili kuulizia barabarani. Mara ya pili aliniambia turudi.

Kiangazi kile hakuugusa ukuta. Wala kilichofuata. Matuta yalianza kumeguka, rangi nyeupe ikawa kijivu kwa moshi. Kambi zilifungwa Desemba 1996, watu wakarudishwa kwa daraja lilelile. Mwaka 1997 bibi alichota udongo tena. Hatukumuuliza chochote.

Alifariki 2004. Na sasa deni langu. Mwaka 2009 nilikuwa na kazi yangu ya kwanza yenye mshahara wa kueleweka, nikataka mama aishi kwenye nyumba ya tofali na bati, sakafu ya vigae. Nilituma hela na mchoro wa fundi. Fundi akapiga simu: ile nyumba ya zamani iko katikati ya msingi, tuibomoe? Nilikuwa kwenye daladala, kuna kelele. Nikasema bomoeni. Simu haikuchukua dakika moja. Simu ile niliyoshika ilikuwa na kamera, na nilikuwa nimekaa mbele ya ukuta ule Krismasi iliyopita, nikapiga picha watoto wa dada yangu, wote wamegeuza ukuta mgongo. Katika picha moja kona ya juu inaonekana, pembetatu mbili na nusu. Ndiyo kumbukumbu yote tuliyonayo.

Baadaye nilivuka Rusumo nikaenda Nyakarambi, wilaya ya Kirehe, ambako wanawake wameufufua ufundi huu kwa ushirika wao baada ya 1994. Siku hizi wanajenga matuta juu ya vibao vya mbao, ili mgeni anunue, afunge kwenye gazeti, aende zake. Mwanzoni nilisikitika: imigongo isiyo na nyumba. Halafu nikamkumbuka babu akibeba milango na nguzo, nikaona wale akina mama wamepata walichokikosa wa kwetu mwaka 1974. Ukuta unaobebeka.

Nilinunua kibao kimoja. Nikakiweka kwenye begi, na ndicho nilichokuwa nacho usiku ule Biharamulo. Nilitaka kukipeleka kwenye kikao, sijui hata kwa nini.

Asubuhi basi lilipona. Ngara tulikaa, tukajadiliana, tukakubaliana kiwanja kisiuzwe. Nikatoa kile kibao, nikaomba kitundikwe sebuleni, mkono wa kushoto. Mama alikishika, akapitisha kidole gumba juu ya matuta.

"Kizuri," akasema. "Lakini huyu aliyekitengeneza ana haraka. Ona hapa, hajalainisha."

Akakitundika hata hivyo. Kisha akaniuliza kama nitakuwa na likizo kiangazi kijacho, maana udongo mweupe anajua unapochotwa, na mikono yake peke yake haitoshi.