Neno "Muda" na Istilahi za Kuboresha Kazi

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa miongozo ya viwanda na ya utumishi ni neno la Kijapani *muda*. Kwa maandishi halina tofauti na neno letu muda, lakini kwa maana yako mbalimbali kabisa. Kwa Wajapani, *muda* ni jambo lisilo na faida: kazi inayotumia nguvu na mali bila ya kumwongezea mteja chochote. Mfasiri akiandika "ondoeni muda", msomaji Mswahili atadhani ameamriwa kufanya haraka. Ili tulipatie neno hili kisawe kinachofaa, hatuna budi kuitazama historia ya elimu iliyolieneza.

Elimu hiyo ilianzia katika swala la mtawanyiko. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Western Electric nchini Marekani, alibuni chati ya kuonyesha kama tofauti baina ya bidhaa na bidhaa zatokana na mwenendo wa kawaida wa kazi, au zina sababu maalumu inayopasa kutafutwa. Mwaka 1950 W. Edwards Deming aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda vya Japani njia hizo, na mwaka uliofuata Wajapani wakaanzisha tuzo yenye jina lake.

Huko Japani, Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota aliigawa *muda* katika mafungu saba: kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kuhamisha vitu pasipo haja, kushughulikia kitu kupita inavyotakiwa, kulimbikiza akiba ghalani, mienendo ya mwili isiyo ya lazima, na kutengeneza vitu vyenye kasoro. Kungoja ni fungu moja tu kati ya hayo. Basi mtu anayelisoma neno hili kwa maana ya Kiswahili hulipata fungu hilo, na sita yakampita.

Mwaka 1986 kampuni ya Motorola ya Marekani ilianzisha mpango wa Sigma Sita, ambao shabaha yake ni kasoro zisizozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea. Sigma ni herufi ya Kiyunani ambayo wanatakwimu huitumia kuonyesha kipimo cha mtawanyiko.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kufuata njia ya S Tano, iliyotoka katika viwanda vya Japani. Maneno matano ya Kijapani, *seiri, seiton, seiso, seiketsu* na *shitsuke*, yalipewa visawe: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Kulinda herufi ya mwanzo kumewasaidia watumishi kukumbuka. Hata hivyo herufi ina gharama yake. *Shitsuke* ni nidhamu iliyokwisha kuwa tabia ya mtu. "Shikilia" ni amri ya kutoachia. Mwalimu anayefundisha neno hilo la tano yampasa aieleze nidhamu hiyo, asitosheke na kisawe.

Tukirudi kwenye *muda*, wako wanaopendekeza "ubadhirifu". Neno hilo halifai. Mbadhirifu ni mtu, tena ni mtu wa kulaumiwa na hata kushtakiwa. Ilhali Ohno alitafuta ila katika mpango wa kazi. Karani akisikia kwamba ofisini mwake unatafutwa ubadhirifu, ataficha majalada yaliyokwama badala ya kuyaonyesha, na elimu yote itakuwa imepotea kwa ajili ya neno moja. "Takataka" nalo humfanya mtu afikirie ufagio tu.

Kwa hiyo yafaa tutumie "upotevu", neno lisilomtaja mkosaji. Vilevile tuseme "mtawanyiko" wala si "mabadiliko", kwani mabadiliko huweza kukusudiwa; na "kasoro" libaki kwa kitu kisichofikia kipimo kilichowekwa. Likilazimu kuandikwa neno la Kijapani lenyewe, liandikwe kwa herufi za mlazo na kuelezwa mara ya kwanza linapotokea.