Nyumbu na Fisi katika Mchezo wa Majoka

Wazee wetu walisema kusikia si kuona. Usemi huo ni mfupi, lakini umebeba historia ndefu ya wanyama wa bara letu, ambao kwa muda wa miaka elfu mbili wamekuwa wakisafiri katika vinywa na vitabu vya watu wasiopata kuwaona. Madhumuni ya makala haya ni kuifuata safari ya wanyama wawili, nyumbu na fisi, tangu nyikani kwetu hadi kwenye meza za mchezo mmoja wa Marekani, na kupima walichopoteza njiani. Sisi walimu wa lugha jambo hili latuhusu, kwa kuwa vijana wetu huweza kukutana nao huko wakiwa wamevishwa majina ya kigeni, wasitambue kuwa ni wanyama wa kwao.

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Huu si mchezo wa kusogeza kete ubaoni kama bao au dama. Wachezaji huizunguka meza, na kila mmoja hujitwalia mhusika wake, labda shujaa, mchawi au mwizi. Naye msimamizi huwasimulia mahali walipofika na hatari iliyo mbele yao. Mchezaji husema atakalotenda, dadu hurushwa, na namba ndizo ziamuazo kama upanga umempata adui au umekata hewa. Kwa ufupi, ni hadithi isimuliwayo na watu wengi kwa pamoja, na hadithi ya namna hiyo haiendi bila madubwana. Ndiyo maana mwaka 1977 Gygax alitoa kitabu kizima cha viumbe, kiitwacho Monster Manual, chenye viumbe zaidi ya 350, kila kimoja na maelezo ya umbo lake, makao yake, tabia zake na tarakimu za nguvu zake.

Viumbe hao hawakuzuka vivi hivi. Baadhi ni wanyama wa kweli, kama vile tembo, mamba na kiboko, ambao waliongezewa tarakimu tu. Wengine walichukuliwa katika ngano za mataifa mbalimbali, na wengine katika vitabu vya kale vya Wayunani na Warumi. Katika kundi hilo la mwisho ndimo tunamowakuta wanyama wetu.

Tuanze na nyumbu. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliandika habari za mnyama wa Ethiopia, jina ambalo watu wa zama zake waliliita karibu nchi yote iliyo kusini ya Misri. Mnyama huyo, alisema, huishi karibu na chemchemi ambayo wengi waliidhania kuwa asili ya mto Nile, naye huitwa katoblepasi, maana yake atazamaye chini. Mwili wake ni wa kadiri, mwendo wake ni wa kivivu, na kichwa chake ni kizito hata hakiinui kutoka ardhini. Tena ni heri asikiinue, kwani mtu akikutana na macho yake hufa papo hapo. Wataalamu wengi hukisia kuwa chanzo cha habari hiyo ni nyumbu, na baadhi ya wanasayansi wa karne ya 19 walimwandika nyumbu kwa jina hilo hilo katika orodha zao za wanyama.

Mchezo wa Marekani ulimpokea katoblepasi pamoja na macho yake ya kufisha, ukamwongezea viungo. Alipewa kiwiliwili cha nyati aliyevimba, miguu minene kama ya kiboko, shingo ndefu dhaifu, na kichwa cha ngiri, kisha akawekwa katika vinamasi. Msomaji wa kwetu aweza kucheka akiona jinsi majirani zake wanne walivyounganishwa kuwa dubwana mmoja. Lakini na atazame pia kilichoachwa nje. Nyumbu huinamisha kichwa kwa sababu hula majani mafupi. Zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara wakifuata mvua na malisho. Majike huzaa karibu wote katika majuma machache yale yale, na ndama husimama na kukimbia muda mfupi baada ya kuzaliwa. Ajabu ya kweli ya nyumbu ni wingi na mwendo. Uvumi ulimfanya mnyama mmoja, mpweke, asiyekwenda popote.

Habari za fisi ni nzito zaidi. Aristotle alikwisha kukanusha imani ya kuwa fisi ni dume na jike kwa pamoja; lakini Pliny, miaka mia nne baadaye, aliirudia imani hiyo kama alivyoisikia. Akaongeza kuwa fisi hujifunza jina la mchungaji, akamwita nje ya zizi na kumrarua. Vilevile alimtaja mnyama aitwaye leukrota, mwenye kwato, shingo na mkia wa simba, kichwa cha melesi, na mfupa mmoja mahali pa meno, ambaye huiga sauti ya binadamu. Vitabu vya wanyama vya Ulaya ya karne za kati vikamfanya fisi mfukuaji wa makaburi. Leukrota aliingia katika kitabu cha mwaka 1977 akiwa na sauti yake ya hila na mfupa wake badala ya meno.

Hata hivyo, fisi aliyeenea zaidi mchezoni ni yule aitwaye gnoli. Katika maandishi ya mwaka 1974 gnoli alikuwa mseto wa viumbe wawili wa ngano za Ulaya, asiye na uhusiano wowote na fisi. Mwaka 1977 alivikwa kichwa cha fisi, akawa jamii ya watu-fisi wanyang'anyi, ambao mkubwa wao kwa umbo ndiye awatawalaye wengine. Katika toleo la mwaka 2014 ilisimuliwa kuwa fisi waliomfuata pepo mmoja na kula maiti za aliowaua ndio waliogeuka kuwa gnoli. Basi hapo uovu umekuwa nasaba: hata fisi wa kawaida amekuwa mbegu ya pepo.

Hebu tumlinganishe na fisi madoa wa kweli. Hans Kruuk, aliyewachunguza Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kuwa sehemu kubwa ya chakula chao huiwinda wenyewe. Mara nyingi simba ndiye huwanyang'anya. Jamii ya fisi huongozwa na majike, na mtoto hurithi cheo karibu na cha mama yake, awe na nguvu au asiwe nazo. Aliyebuni watu-fisi watawaliwao na mwenye mabavu alikuwa na jamii ya ajabu kuliko hiyo mlangoni pake, asiijue.

Je, sisi wenyewe tu safi? La. Fisi wa ngano zetu ni mlafi na mpumbavu; njia mbili zilimshinda. Wapo pia wasimuliao kuwa wachawi humpanda usiku. Lakini fisi wa ngano ni jirani mwenye kasoro, tunayemcheka na kujicheka. Amebuniwa na watu wanaomsikia akilia kila usiku. Na huko Harar, Ethiopia, wapo watu wanaowalisha fisi kwa mkono nje ya kuta za mji na kuwaita kwa majina. Hapa mambo yamegeuka: si fisi amwitaye mchungaji, bali mtu ndiye amwitaye fisi.

Tusidhani kuwa kubuni kwa vipande ni kosa la watunzi wa michezo peke yao. Mwaka 1901 mtaalamu mmoja wa London, akiwa na vipande vya ngozi yenye miraba alivyopelekewa na Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda, alimtangaza mnyama mpya wa Kongo kuwa aina ya punda milia. Baadaye katika mwaka huo huo ngozi nzima na mafuvu vilithibitisha kuwa okapi ni ndugu wa twiga. Watu wa msitu wa Ituri, waliomweleza Johnston habari zake, walikuwa wakimjua siku zote.

Hatusemi kwamba mchezo huu ni mbaya. Kinyume chake, una somo jema. Kiumbe wake mmoja mashuhuri, yule alaye chuma, alitokana na kidoli cha plastiki kisichokuwa na hadithi yoyote. Kilichompa uhai ni tabia moja tu aliyobuniwa, ya kuziozesha silaha za mashujaa na kuzila. Umbo lilikuwa la dukani, lakini tabia ndiyo iliyokumbukwa. Basi ikiwa tabia moja ya kubuni yatosha kumfanya kiumbe adumu, ni kiumbe gani angeweza kutungwa kutokana na tabia za kweli ambazo watoto wetu wanazijua?

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi kwa walimu wenzetu. Mwanafunzi achague mnyama wa mahali pake, awaulize wazee, wachungaji na wavuvi: hula nini, huogopa nini, huishi na nani? Kisha ndipo abuni dubwana lake, na aeleze ni kipi alichokitoa kwa mnyama na kipi alichokiongeza mwenyewe. Atapata msamiati usiopatikana katika vitabu vya darasani, na atajifunza kupambanua habari na uvumi. Siku atakapokutana na katoblepasi katika kitabu cha wageni, atamtambua nyumbu chini ya vazi hilo, na ataweza kuwaeleza wachezaji wenzake jinsi nyumbu alivyo.