"Leta maji": kuagiza kinywaji, kutoka Ruwe mpaka Seoul



Katika mkutano wetu uliopita hapa Mutoshi kulitokea mabishano. Ndugu yetu mmoja aliyerudi kutoka Korea ya Kusini alijitolea kuwafundisha vijana maneno ya kwanza ya Kikorea, yale ya kuagiza kahawa na maji. Papa mmoja mzee akasimama: "Baba yangu alikuwa boyi wa Wazungu. Maisha yake yote aliitwa kwa neno moja tu, leta. Sasa sisi tumerudi nyumbani ili watoto wafundishwe kuleta kahawa ya wageni?" Watu wakanyamaza. Ndiyo sababu ninaandika hii historia.

Mutoshi ya leo ni Ruwe ya zamani. Kabla Union Minière haijaanzishwa mwaka 1906, Mskoti Robert Williams na kampuni yake, Tanganyika Concessions ya mwaka 1899, walikwisha kufika katika nchi hii kutafuta shaba, na Ruwe ilijulikana kwa dhahabu yake. Wakubwa wengi wa wakati ule walisema Kiingereza, na wafanyakazi wengi wa migodi ya Katanga walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia. Lugha ya kazi ilikuwa ile ya migodi ya kusini, wenzetu wa Zambia wanaiita Chikabanga. Ndani yake maji ni manzi, na anayetaka kunywa anasema: leta manzi.

Halafu, kwenye miaka ya 1920, mambo yakageuka. Union Minière ikaanza kuchukua watu Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, na Wabelgiji hawakupenda Kiingereza kitawale Katanga. Kiswahili kikachukua nafasi. Kilikuwa hapa tayari, maana wafanyabiashara wa mashariki walifika Bunkeya kwa M'siri mbele ya Mzungu kumwua mwaka 1891. Basi manzi ikawa maji, au mayi kama tunavyosema sisi. Lakini leta ikabaki leta, kwa sababu Kizulu kilichozaa Chikabanga ni ndugu ya Kiswahili. Mkubwa alibadilisha lugha, kumbe boyi alisikia neno lile lile.

Na Wazungu walijifunza Kiswahili namna gani? Kwa vitabu vidogo vya wanaoanza. Johannes Fabian, mtaalamu aliyeishi Katanga na kusoma vitabu vingi vya namna hii, alionesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwamba vimejaa amri. Mzungu alifundishwa kutuma, hakufundishwa kuongea na mtu. Mwenye kujifunza lugha hivyo anaweza kukaa miaka ishirini na asijue boyi wake ana watoto wangapi. Mimi naona Papa wetu alisema kweli juu ya kile kidonda.

Ila maboyi nao waliandika. Mwaka 1965, kule Elisabethville, chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu kilitoa kitabu chao kinachoitwa "Vocabulaire de ville de Elisabethville". Mwandishi wake alikuwa André Yav. Jina linasema ni kitabu cha maneno, kumbe ni historia: Leopold wa Pili, M'siri, vita, kazi ya boyi. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga kinavyotoka mdomoni, bila kuogopa walimu wa sarufi. Chama kama chetu, jamani! Watu walioagizwa maji miaka yote wakakaa chini wakaandika wao wenyewe.

Turudi kwa kahawa ya Wakorea. Ndugu yetu alitueleza kwamba mgeni wa Seoul anaanza na sentensi hii: keopi han jan juseyo. Keopi ni kahawa, han jan ni kikombe kimoja, na juseyo inatoka kwenye neno la kupa, lakini limevikwa heshima. Angalieni mpangilio: kitu mbele, hesabu nyuma yake, kama sisi tunavyosema kahawa moja. Maji kidogo ni mul jom juseyo. Ukikata ile heshima ukasema jwo, unasema kama kwa mtoto au rafiki wa karibu sana. Kwa mtu usiyemjua ni matusi. Hata mwenye pesa analipa heshima kwanza. Ni kama kwetu unapofika mahali pa kunywa: husemi "leta bia", unasema "Mama, unisaidie na Simba moya ya baridi."

Kumbukeni pia nani anajifunza hii sentensi. Yule ndugu hakuisema akiwa amesimama na sinia. Aliisema akiwa amekaa, na koti la kazi, baada ya kutwa nzima kiwandani, mgeni asiye na karatasi wala uhakika wa kesho. Anasema siku aliyoletewa kahawa bila kurudia maneno ndipo alijisikia mtu tena.

Papa alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza juseyo inaandikwa namna gani, akaomba kalamu. Masomo yataendelea, na yeye amekubali kutusomea, jioni zile zile, maneno yote ambayo baba yake aliitwa nayo. Katibu atayaandika. Memba mwenye mzazi aliyefanya kazi ya boyi katika kambi ya Ruwe au Kolwezi, tafadhali, aje naye angali na nguvu ya kusema.