Barua ni Nusu ya Kuonana

Waswahili wana methali isemayo kwamba barua ni nusu ya kuonana. Aghalabu huchukuliwa kuwa ni maneno ya kuisifu barua, lakini mwenye kuipima kwa makini ataona ndani yake hukumu mbili. Ya kwanza ni sifa: asiyeweza kufika, akaandika, amekwisha timiza nusu ya wajibu wake. Ya pili ni onyo: nusu si zima, na mwenye kuandika hali anaweza kufika amebaki na deni. Historia ya mawasiliano katika pwani ya Afrika ya Mashariki yaweza kusomwa kuwa ni historia ya nusu hizi mbili, jinsi zilivyokaa pamoja kwa muda mrefu, na jinsi zilivyoanza kutengana katika miaka ya karibuni.

Nusu iliyo kubwa kwa umri ni ile ya kuonana, na mahali pake ni baraza. Katika miji ya mawe ya Lamu, Mombasa na Unguja nyumba nyingi zimejengewa viti vya mawe na chokaa mbele ya mlango, na viti hivyo ndivyo baraza. Hapo mwenye nyumba hupokea wageni asiotaka kuwaingiza ndani. Hapo majirani huketi baada ya sala, kahawa hunywewa, bao huchezwa, bei za vitu hujulikana, na hali ya mgonjwa wa mtaa huulizwa. Neno hilohilo lina maana ya pili, nayo ni mkutano wa kuamua mambo. Masultani wa Unguja walikuwa na saa zao za baraza, na mpaka leo Tanzania ina Baraza la Mawaziri na Kenya ina baraza za machifu. Kiti na shauri vimepewa jina moja, na jina hilo laonyesha fikira za watu wa pwani: shauri ni kazi ya watu walioketi wakatazamana nyuso.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba baraza ilikuwa ya watu wote. Kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Wanawake walikuwa na makutano yao ndani ya nyumba na nyuani, katika harusi, katika matanga na katika vyama vya ngoma kama lelemama. Kutembeleana kwao kulikuwa na kanuni zake: aliyetembelewa alikuwa na wajibu wa kurudisha, na asiyeonekana msibani aliulizwa sababu. Kwa njia mbili hizi, ya nje na ya ndani, kila mtu wa mji alijulikana kwa uso, kwa sauti na kwa mwenendo wake.

Thamani ya nusu hii huonekana wazi zaidi kwa yule aliyeikosa. Seyyida Salme binti Said, mtoto wa Sultan Seyyid Said, aliondoka Unguja kwa siri mwaka 1866. Mwaka uliofuata, mjini Aden, alibatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, na mwaka 1870 mumewe alifariki akamwacha mjane na watoto wadogo katika nchi ya ugenini. Mwaka huohuo, baadaye kidogo, ndugu yake Barghash akawa Sultan. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alivuka bahari akaenda huko kwa matumaini ya kuonana naye, lakini wakubwa wa Kiingereza walimzuia. Mwaka 1885 alifika Unguja yenyewe kwa jahazi za Wajerumani, na Sultan hakukubali kumpokea. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, na katika kitabu hicho baraza ya baba yake imeelezwa kwa mapenzi ya mtu akumbukaye kitu kisichorudi. Barua alikuwa nazo, kalamu alikuwa nayo, hata kitabu alikiandika kikasomwa Ulaya. Nusu moja ya methali aliipata kwa ukamilifu. Nusu ya pili, ambayo ilikuwa kuketi na ndugu yake na kusameheana, hakuipata, wala hapana wingi wa wino uliotosha kuifidia.

Zama hizo barua ilikwenda kwa majira ya pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyarudisha, na mwenye kungoja jibu alihesabu miezi. Mwaka 1879 waya wa simu ulipitishwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, na kuendelea kusini mpaka Msumbiji na Natal. Neno simu lenyewe asili yake ni Kiajemi, nalo lilikuwa jina la ule waya kabla halijawa jina la chombo cha kusemea. Habari iliyokuwa ikisafiri kwa miezi ikaanza kusafiri kwa saa. Lakini waya ule uliishia ofisini, na kutoka ofisini habari ilibebwa na mtu mpaka barazani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kila chombo kilichofuata. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, wasomaji walikuwa wachache kuliko wasikilizaji, maana ajuaye kusoma aliwasomea wasiojua. Mashairi yaliyopelekwa gazetini yalijibiwa kwa mashairi, na ubishi wake uliendelezwa kwa midomo. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, nyimbo zao zilirudi Unguja zikasikilizwa na makundi ya watu penye gramafoni moja. Mwaka 1951 Sauti ya Unguja na kituo cha Dar es Salaam vilianza kutangaza, na redio ya mwenye mkahawa ikawa redio ya mtaa. Chombo kilisema, watu wakanyamaza. Chombo kikanyamaza, watu wakasema.

Mfano ulio bora kuliko yote ulionekana Tanzania mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mafundisho ya usafi na kinga ya maradhi yalitangazwa kwa redio, lakini waliopanga kazi ile hawakuridhika mtu asikilize peke yake chumbani. Watu walipangwa katika vikundi vya vijiji na mitaa, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakatoka kufanya kazi waliyokubaliana, kama vile kuchimba vyoo. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni mbili walishiriki. Sauti ya mbali ilitoa elimu, na jamaa waliokaa pamoja walitoa azimio. Hapo nusu mbili za methali zilikamatana zikawa kitu kizima.

Badiliko kubwa lilikuja kwa simu ya mkono. Simu hizo zilianza Tanzania mwaka 1994, zikiwa mali ya wachache wenye fedha. Facebook ilianzishwa Marekani mwaka 2004, na mwaka 2006 ikafunguliwa kwa kila mtu. Mwaka 2009, miaka 130 kamili baada ya waya wa Aden, waya mpya wa intaneti ulifika pwani hii, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo WhatsApp ilianzishwa, na Facebook ikaongeza alama ya kuonyesha kupendezwa. Tangu hapo waya haukuishia ofisini tena, bali uliishia katika kiganja.

Hapa pana tofauti tatu ambazo mwanafunzi wa historia hana budi kuzitenga. Kwanza, gazeti, santuri na redio vilikusanya watu mahali pamoja, lakini simu ya mkono ni chombo cha macho mawili tu. Watano waweza kuketi katika baraza moja, kila mmoja akawa katika mji wake. Pili, mwenye mkahawa aliuza kahawa, na mazungumzo yalikuwa bure. Wenye mitandao huuza matangazo, na kinachouzwa kwa watangazaji ni muda na usikivu wa watu, kwa hiyo faida yao hukua kwa kadiri mtu anavyochelewa kuondoka. Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba ilibuniwa ili kutumia udhaifu wa nafsi ya mwanadamu. Tatu, barazani anayetukana hukutana kesho yake na aliyemtukana, katika njia ileile nyembamba, na lazima ya salamu humlazimisha kupima maneno yake. Mtandaoni hapana njia nyembamba.

Haya yalipotambulikana, wengine waliamua kutoka. Mwezi wa Machi mwaka 2018 ilifichuliwa kwamba habari za watumiaji wa Facebook, ambao idadi yao ilikadiriwa kufikia milioni 87, ziliingia mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica, iliyofanya kazi za siasa katika nchi kadha, na Kenya ikiwamo. Mwito wa kuifuta Facebook ulienea, na miongoni mwa walioutoa alikuwa Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp. Mwaka huohuo, kabla ya uchaguzi wa Novemba, Hunt Allcott na wenzake walifanya jaribio Marekani, nao wakatangaza matokeo mwaka 2020. Baadhi ya watu walilipwa waache Facebook kwa majuma manne. Kwa wastani walipata dakika 60 zaidi kila siku, na sehemu ya muda huo waliutumia pamoja na jamaa na rafiki. Furaha yao iliongezeka kidogo, na ukali wao wa siasa ulipungua. Lakini ujuzi wao wa habari za ulimwengu nao ulipungua. Jaribio lilipokwisha, wengi walirudi, ila kwa matumizi madogo kuliko kwanza.

Matokeo hayo hayampi ushindi msemaji wa upande wowote. Aliyeacha alipata kitu akapoteza kitu. Tena alichopata hakikuja chenyewe: sehemu nyingine ya muda uliopatikana ilitumika kutazama televisheni peke yake. Kufunga mlango mmoja si kufungua mwingine. Anayeacha mtandao bila kwenda barazani ametoka katika upweke wenye kelele akaingia katika upweke wenye kimya.

Kuacha nako si sawa na kunyang'anywa. Uganda ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mwenye kutumia mitandao ya kijamii tangu Julai mwaka 2018, na mwezi wa Januari mwaka 2021, katika siku za uchaguzi, Facebook ilifungwa na intaneti ikakatwa. Sababu moja iliyotajwa kwa kodi ile ilikuwa kupunguza umbeya. Watu wengi walitafuta njia za kupita kando, na hapana dalili kwamba walitembeleana zaidi. Mtu aliyezibwa mdomo hajafundishwa kusema vema. Kuacha kwenye maana ni kule kutokako kwa mwenyewe, ajuaye anaacha nini na anakwenda wapi.

Wala si haki kuipamba baraza kwa sifa isizokuwa nazo. Umbeya ulizaliwa kabla ya waya. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, maskani na baraza za Unguja ziligawanyika kwa vyama, na ubao wa maskani ya Kisonge ulijulikana mji mzima kwa maneno yake makali. Kadhalika si haki kuunyima mtandao sifa uliyo nayo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 jamaa wengi wa Unguja walitawanyika, wengine Oman, wengine Uingereza, na ndugu wakakaa miaka mingi bila kusikiana. Kwa watu wa namna hiyo simu iliyoleta sauti na sura ya bibi kutoka Muscat imefanya kile ambacho Salme alikikosa. Kuwaambia waache ni kuwanyima nusu pekee waliyo nayo.

Hukumu, basi, haiwezi kuwa moja kwa wote, na methali yenyewe yaonyesha mahali pa kukata. Kwa aliye mbali, barua ni nusu, na nusu ni neema. Kwa aliye mtaa mmoja, barua hiyohiyo ni upungufu, kwa kuwa njia ya kuonana i wazi naye ameiacha. Rambirambi iliyopelekwa kwa simu kutoka Toronto ni ihsani. Ikipelekwa kutoka nyumba ya tatu, ni aibu, maana jeneza halibebwi kwa maneno. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Na jambo hili si la adabu tu. Mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba mtu mmoja katika kila sita ulimwenguni huathiriwa na upweke, na kwamba upweke huhusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Sababu zake ni nyingi, nazo ni pamoja na maradhi, umaskini na kuhama, wala simu haiwezi kubebeshwa zote. Lakini takwimu hizo zatosha kuonyesha kwamba kuketi pamoja ni haja ya mwili na roho, na kwamba wajenzi wa miji ya pwani, walioweka kiti cha mawe nje ya mlango kwa ajili ya mtu asiyekuwa wa nyumba ile, hawakuwa wakipamba ukuta. Viti vile vingi vingalipo. Havina kodi, havina matangazo, na havimtaki mtu chochote ila afike.