Wanasheria wa Kisiwa cha Damu

Mwishoni mwa karne ya 18, fungu la mchanga lilizuka katika Mto Mississippi, mkabala na mji wa St. Louis. Likaota miti, likawa kisiwa. Haikuwa wazi kama sheria ya Missouri ilifika pale au ya Illinois, na hilo ndilo lililowavutia wakubwa wa mji. Aliyetaka kumuua mwenzake kwa jina la heshima alipanda mashua akavuka. Watu wakakiita Kisiwa cha Damu.

Mimi nafundisha historia, na kinachoniuma hapa ni kazi za watu wale. Hawakuwa wahuni wa vilabuni. Wengi walikula kiapo cha kulinda sheria.

Thomas Hart Benton na Charles Lucas walianza kukwaruzana mahakamani, wakiwa mawakili wa pande mbili. Siku ya uchaguzi, Agosti 1817, Lucas akahoji mbele za watu kama Benton amelipa kodi ya kumpa haki ya kupiga kura. Benton akamwita kijibwa. Barua ikapelekwa, wapambe wakateuliwa, na tarehe 12 wakasimama kisiwani, futi 30 kati yao. Lucas akapigwa risasi ya shingo. Benton akachubuliwa chini ya goti. Yangeweza kuishia hapo. Lakini maneno ya mjini yalimchoma Benton, akataka warudiane. Tarehe 27 Septemba wakavuka tena, safari hii umbali ukiwa karibu futi 10 tu. Lucas akapigwa karibu na moyo, akafa. Ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 25. Baba yake, jaji, hakumsamehe Benton.

Joshua Barton, mwanasheria wa serikali kuu katika Missouri kama alivyokuwa Lucas, aliuawa kisiwani humo mwaka 1823.

La mwaka 1831 linatisha zaidi. Mbunge Spencer Pettis alikuwa ameishambulia Benki ya Marekani, iliyoongozwa na kaka yake Meja Thomas Biddle. Biddle akamwendea hotelini, akamchapa mjeledi akiwa kitandani. Uchaguzi ulipokwisha, Pettis akamtaka wapigane. Biddle hakuona mbali, hivyo akachagua futi 5. Hebu pima hapo ulipo: watu wawili wakinyoosha mikono kwa umbali huo, midomo ya bastola inakaribia kugusana. Wote wawili walikufa kwa majeraha.

Kuanzia mwaka 1837 mhandisi wa jeshi, Robert E. Lee, alisimamia ujenzi wa kuta za kugeuza mkondo wa mto, na baadaye kisiwa kikaungana na nchi kavu ya Illinois.

Benton je? Missouri ilipokuwa jimbo mwaka 1821, bunge lake lilikwisha kumteua seneta, akakikalia kiti hicho miaka 30. Kaunti moja ya jimbo hilo ina jina lake. Kwa maoni yangu, wabunge wale walikuwa na fungu lao katika damu ya Lucas.